Siku ya kwanza ya masaji: Maswali kwanza, mafuta baadaye

Neno masaji likitajwa mbele ya wazazi, nyuso hubadilika. Wapo wanaocheka chini chini, wapo wanaodhani ni starehe ya wenye fedha, na wapo wanaoamini ni jina la heshima la biashara nyingine kabisa. Mabango ya baadhi ya nyumba za mjini, yenye taa za rangi na picha za wasichana, hayajasaidia kuondoa fikra hiyo.

Hata hivyo, kuchuliwa mwili si jambo geni kwetu. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto. Bibi harusi wa Pwani husingwa kwa liwa na mafuta kabla ya kupelekwa kwa mumewe. Na timu ya mpira ikitangaza benchi lake la ufundi, jina la mchua misuli halikosekani.

Kilicho kigeni kwa wengi ni kumlipa mtu usiyemjua, kuingia chumbani kwake, kufunga mlango na kuvua nguo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, aliishi na hofu hiyo kwa miezi kadhaa. Ana miaka 34 na watoto wawili. Kazini husahihisha madaftari ya darasa lenye wanafunzi zaidi ya 80 akiwa ameinamia meza fupi. Nyumbani humsubiri mtoto wa miezi kumi wa kubebwa mgongoni na ndoo za maji za kupandisha ngazi.

Shingo yake ilianza kukaza taratibu. Mwanzoni alikuwa akiamka nayo asubuhi na kufika mchana imelegea. Baadaye ikawa hawezi kugeuza kichwa kuangalia magari anapovuka barabara, analazimika kugeuka mwili mzima. Kila jioni alipitia duka la dawa kununua vidonge vya maumivu.

Alipokwenda hospitali, daktari alimpima, akamwinua mikono, akajaribu nguvu za vidole vyake, kisha akamwambia hakuna dalili ya tatizo la mifupa wala mishipa ya fahamu. Misuli ilikuwa imechoka. Alimpa mazoezi ya kufanya nyumbani na kumwambia kuwa akiweza, achuliwe na mtu aliyesomea.

Mume wake alikuwa na swali moja tu: “Na huyo mchuaji ni mwanamume au mwanamke?”

Kabla ya kupanga siku

Swali la mume lilimkera, lakini ndilo lililomfundisha kuuliza. Mwalimu alipiga simu sehemu tatu alizoelekezwa na wenzake. Kila alipopiga aliuliza mambo manne: atakayemchua amesomea wapi, je yupo wa kike, anaweza kuja na mtu, na bei ni ya muda gani.

Sehemu ya kwanza aliyepokea simu alicheka na kumwambia, “Wewe njoo tu dada, utafurahi.” Hakwenda. Ya pili walimtajia bei bila kujibu swali la mafunzo. Ya tatu walimjibu yote manne, wakamwambia afike robo saa kabla kwa ajili ya kujaza fomu. Bei ilikuwa Sh40,000 kwa saa moja.

Mzazi anayetafuta huduma hii anapaswa kujua tofauti iliyopo. Mtaalamu wa fiziotherapia ni mtu wa kada ya afya aliyesomea mwili, majeraha na mazoezi ya tiba, na hapa nchini taaluma hiyo hufundishwa katika vyuo kama kile cha KCMC, Moshi. Yeye hupima kwanza, na kuchua ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Mchuaji wa masaji hulegeza misuli na kupunguza uchovu. Hatoi jina la ugonjwa na haandiki dawa.

Kwa upande wa tiba za jadi, Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 inayosimamia tiba asili na tiba mbadala kupitia baraza lake. Mtu anayejitangaza kuwa anatibu magonjwa kwa kuchua hana sababu ya kukasirika akiulizwa kibali.

Maswali yanayoshangaza

Siku ilipofika, mwalimu alitarajia kuelekezwa kitandani moja kwa moja. Badala yake alikalishwa kwenye kiti na dada wa makamo yake, aliyevaa sare kama ya muuguzi, akaanza kumhoji.

Una ujauzito? Umejifungua lini, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji? Una presha? Una kisukari? Umewahi kuambiwa damu yako inaganda kwenye mishipa? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Umevunjika, umeanguka, umefanyiwa upasuaji wowote? Ngozi ina kidonda au vipele? Kuna mafuta au chakula kinachokudhuru?

“Mimi nimekuja kwa ajili ya shingo,” mwalimu alisema. “Ujauzito unahusu nini?”

Kila swali lilikuwa na sababu yake. Mjamzito hapaswi kulazwa kifudifudi tumbo likiwa limekua, na katika miezi ya mwisho hapaswi kulazwa chali kwa muda mrefu kwa sababu mji wa mimba hubana mshipa mkubwa wa damu, hivyo huchuliwa akiwa amelala ubavu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusema anapobonyezwa kupita kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvia damu kirahisi chini ya ngozi. Mwenye mzio wa karanga au lozi anaweza kudhurika na mafuta yaliyotengenezwa kwa mbegu hizo.

Kwa hiyo mteja wa mara ya kwanza ategemee dakika tano hadi kumi za maswali. Asipoulizwa chochote, ni vizuri aeleze mwenyewe. Na akiona hakuna anayejali majibu yake, anaweza kuondoka, maana watu hao hawatajali pia wakati mikono iko mwilini mwake.

Kuvua nguo

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwalimu alikuwa amevaa tayari kwa aibu hiyo: dera pana na chini yake kaptula ya mazoezi, huku kwenye mkoba akiwa na kanga mbili kama anayekwenda kliniki.

Mchuaji alimweleza utaratibu akiwa bado amevaa. Angetoka nje ili mteja abaki peke yake. Mteja angevua nguo kiasi anachoona yeye kinafaa. Nguo ya ndani ingebaki. Angelala kifudifudi chini ya shuka, uso kwenye tundu lililoko kichwani mwa kitanda, kisha mchuaji angebisha hodi kabla ya kuingia.

Shuka hilo ndilo adabu yote ya kazi hii. Hufunuliwa sehemu inayochuliwa tu, mgongo au mguu mmoja, na sehemu hiyo ikimalizika hufunikwa tena. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Mteja asiyetaka kuvua kabisa huweza kuchuliwa akiwa na nguo nyepesi, ama amekaa kwenye kiti, kwa shingo, mabega na mikono.

Mchuaji alimalizia kwa maneno ambayo mwalimu aliyakumbuka kuliko yote: “Ukisema basi, ni basi. Huna haja ya kunipa sababu.”

Kauli hiyo inawahusu wanaume pia, na inawahusu zaidi wazazi wanaowapeleka watoto wao, kwa mfano kijana aliyeumia mpirani. Mtoto asiachwe peke yake chumbani na mchuaji. Mzazi akae ndani, na mtaalamu mwenye nia njema hatapinga.

Mikono inapoanza

Mafuta huwa ya uvuguvugu au hupashwa kwanza viganjani. Mikono huanza kwa kupapasa kwa marefu na taratibu, ili misuli ipate joto, kisha hufuata kukanda kama unga wa chapati, kubonyeza kwa vidole gumba na mara nyingine kugongagonga kwa ukingo wa kiganja.

Mitindo ina majina mengi. Inayotajwa sana kwenye orodha za bei ni masaji ya Kiswidi, ambayo watu wengi huihusisha na Per Henrik Ling, mwalimu wa viungo aliyeanzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813. Kazi ya kupanga mikono hiyo katika mfumo unaotumika leo kwa kawaida hutajwa kuwa ya daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger. Mteja hahitaji kujua historia hiyo. Anachohitaji ni kusema kama anataka mkono mwepesi, wa wastani au mzito.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa dawa isiyouma haiponyi. Mwalimu naye alibana meno mchuaji alipofika kwenye fundo la chini ya bega. Aliulizwa, “Katika moja mpaka kumi, inauma kiasi gani?” Akajibu nane, kwa sauti ya kujivunia.

Mchuaji alipunguza nguvu. Alimweleza kuwa maumivu yanayomfanya mtu azuie pumzi huifanya misuli ijikaze zaidi, na kazi inakuwa ya kupigana na mwili badala ya kuulegeza. Panapouma pazuri, kama wanavyosema wenyewe, huwa kati ya nne na sita. Maumivu ya kuchoma, ya kama umeme au ganzi inayoshuka mkononi si ya kuvumiliwa, yanapaswa kusemwa hapo hapo.

Si lazima kuzungumza. Anayetaka kimya aseme. Tumbo likinguruma, mate yakidondoka kwenye tundu la uso, usingizi ukimpitia mtu hadi akakoroma, hayo ni ya kila siku chumbani humo. Wapo wanaotokwa na machozi bila kujua kwa nini, hasa akina mama ambao kwa muda mrefu wao ndio wanaowagusa na kuwabeba wengine.

Baada ya kushuka kitandani

Mwalimu aliambiwa asiruke kutoka kitandani. Aligeuka ubavu, akakaa kidogo, ndipo akasimama. Mwili uliolala kwa saa moja unaweza kupata kizunguzungu kwa sababu presha ya damu hushuka kidogo.

Alikunywa maji kwa sababu alikuwa na kiu. Ile habari kwamba masaji hutoa sumu mwilini na maji huzisukuma nje haina msingi. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na hufanyika uchuliwe usichuliwe.

Usiku ule alilala vizuri. Kesho yake mabega yaliuma kama ya mtu aliyelima. Hali hiyo ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au pakatokea uvimbe na michubuko mikubwa, mteja amrudie daktari.

Siku ya tatu aligeuza kichwa kushoto na kulia alipokuwa akivuka barabara. Lakini wiki mbili baadaye shingo ilianza tena, kwa sababu meza ilikuwa ile ile na madaftari yale yale. Mchuaji alikuwa amemwonya. Masaji hulegeza, hairekebishi namna mtu anavyokaa. Ndipo alipotafuta kiti kirefu zaidi na kuanza kwa dhati yale mazoezi ya daktari, dakika kumi kila asubuhi.

Mdogo wake alirudishwa

Aliporudi kwa mara ya pili hakuwa peke yake. Alimpeleka mdogo wake, aliyekuwa na wiki ya tano tangu ajifungue kwa upasuaji. Binti huyo alikuwa kwa mama yao, Mbagala, anakula uji wa pilipili manga na kukandwa kila asubuhi. Kwa siku nne mguu wake wa kushoto ulikuwa unauma na kuvimba. Mama yao alisema ni mshipa umekaza kwa kulala sana, na kila alipomkanda tumbo alimalizia na mguu, kwa nguvu, kwa taulo la maji ya moto.

Mwalimu alidhani anampeleka mdogo wake kwenye mikono mizuri zaidi.

Mchuaji aliuliza maswali yake yale yale. Alipofika kwenye “umejifungua lini”, kalamu ilisimama. Alimwomba binti apandishe dera hadi magotini. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia, ngozi imewiva rangi na ina joto.

“Dada, mimi leo simgusi,” alimwambia mwalimu. “Na nyumbani msimguse mguu huo tena. Nendeni hospitali sasa hivi, siyo kesho.” Hakuchukua hela.

Hospitalini alipigwa ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari aliwaeleza kuwa wakati wa ujauzito na wiki za mwanzo baada ya kujifungua damu huganda kirahisi zaidi, maana ndiyo kinga ya mwili dhidi ya kutokwa na damu nyingi. Upasuaji na kulala muda mrefu bila kutembea huongeza hatari hiyo. Bonge la damu likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaweza kufariki ghafla. Kuusugua mguu wa namna hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kulisogeza.

Binti alilazwa, akaanza sindano za kuzuia damu kuganda, kisha vidonge vya miezi mitatu ambavyo havikumzuia kunyonyesha. Amepona.

Mama aliyekuwa anakanda

Aliyeumia moyoni kuliko wote alikuwa mama yao. Alikaa kwenye benchi la wodi na kurudia maneno hayo hayo: “Nimewakanda nyote. Nimekanda wazazi wa mtaa mzima. Leo nimuue mwanangu kwa mikono yangu?”

Muuguzi wa zamu, binti wa kumzaa, alimwamkia na kukaa pembeni yake. Hakumwambia aache. “Mama, kukanda kwako siyo kosa,” alisema. “Kuna mahali tu hapakandwi.”

Kisha alimweleza, na maelezo hayo yanamfaa kila bibi, mama mkwe na shangazi anayepokea mzazi nyumbani. Mgongo, mabega na kiuno cha mzazi vinaweza kukandwa kwa taulo lenye joto ambalo mkono wa mkandaji wenyewe unalivumilia. Kidonda cha upasuaji hakibonyezwi wala hakiwekewi maji ya moto. Tumbo halisukumwi kwa nguvu ili kutoa “damu chafu”, kwa kuwa damu hiyo hutoka yenyewe na mji wa mimba hurudi mahali pake ndani ya wiki sita hivi, ukisaidiwa na kunyonyesha. Mzazi asikalishwe juu ya mvuke wa maji yanayochemka, wengi wameungua hivyo. Na arobaini isiwe ya kulala tu. Aamke, atembee ndani na uani, hata aliyepasuliwa.

Kuhusu mguu alimpa kanuni moja: ukivimba mmoja na mwingine haujavimba, usiukande, mpeleke hospitali.

Bibi huyo hajaacha kazi yake. Wazazi wa Mbagala bado humwita. Lakini siku hizi, kabla ya kutia taulo kwenye beseni, humwambia mzazi anyooshe miguu yote miwili, na huiangalia kwa zamu.

Usipande kitandani, nenda hospitali kwanza

Mzazi anayepanga masaji yake ya kwanza aahirishe na kumwona daktari iwapo ana lolote kati ya haya:

Mguu au mkono mmoja uliovimba, unaouma na wenye joto.

Homa, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na kupungua uzito au yanayomwamsha usiku.

Ganzi sehemu za kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Ajali au kuanguka hivi karibuni, kabla mifupa haijapimwa.

Kidonda kibichi, ngozi iliyoungua au upele unaoambukiza mahali pa kuchuliwa.

Na mwanamke yeyote aliyejifungua karibuni, akibanwa pumzi ghafla, akaumwa kifua au akakohoa damu, asikandwe, asilazwe apumzike wala asisubiri asubuhi. Atafutiwe usafiri wa hospitali wakati huo huo, na aliyempeleka aseme mlangoni kuwa amejifungua na ni wiki ngapi zimepita.